Mtaa wa Wachina San Francisco: walijifungia au walifungiwa?

Shutuma kwamba Wachina hawachanganyiki na wenyeji ni ya zamani. Huko California shutuma hiyo ilishika moto miaka ya 1870, kazi ya kujenga reli, iliyofanywa na Wachina wengi, ilipokuwa imekwisha na ajira zikawa haba. Wanasiasa na vyama vya wafanyakazi wazungu walilalama: hawa wanakaa kwa makundi, pesa wanapeleka kwao, Umarekani hawautaki. Mwaka 1882 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na sheria hiyohiyo ikawanyima uraia Wachina waliokwisha kuingia. Unamfungia mtu mlango, halafu unamlaumu kwa kukaa nje!

Hata hivyo, wanaosema Wachina walijitenga wenyewe wana lao la kusema. Mtaa wao wa San Francisco ulikuwa na utawala wake wa ndani. Vyama vya watu waliotoka wilaya moja ya Guangdong, jimbo la kusini mwa China, vilivyoitwa huiguan, vilimpokea mgeni bandarini, vikampa pa kulala na kumtafutia kazi; akifa, mifupa yake ilirudishwa kwao. Ila msaada huo ulikuwa na meno. Vyama vilielewana na kampuni za meli kwamba asiuziwe tiketi ya kurudi China mtu asiye na cheti cha kuonyesha amemaliza madeni. Hapo huwezi kumsingizia mzungu.

Lakini tazama kesi ya madobi. San Francisco ilitunga amri kwamba dobi anayefanya kazi kwenye jengo la mbao lazima apate kibali. Wachina wapatao 200 waliomba, wote wakanyimwa. Wasio Wachina walipewa karibu wote. Kesi ya Yick Wo, jina la dobi mmoja la Kichina, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1886 Wachina wakashinda. Mtu anayepanda ngazi zote za mahakama kutetea haki yake ya kufua nguo, sioni namna ya kumwita mtu asiyetaka kuwa sehemu ya nchi.

Tetemeko na moto wa 1906 vilichanganya mambo zaidi. Wakubwa wa jiji walitaka kuwahamishia Wachina Hunters Point, pembezoni kabisa mwa jiji. Wafanyabiashara wa mtaa wakakataa, wakajenga upya palepale, na kuweka mapaa ya pagoda ili kuvuta watalii. Huo ulikuwa uamuzi wao wenyewe.

Moto huohuo uliteketeza rekodi za kuzaliwa za jiji. Wengi wakadai wamezaliwa pale, maana mzaliwa wa Marekani alihesabiwa raia, na raia alikuwa na haki ya kuleta wanawe. Nafasi za "wana wa karatasi", yaani watu walioandikwa kuwa watoto wa raia bila kuwa watoto wake, zikauzwa. Kuanzia 1910, kwenye kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kisiwa kwenye ghuba ya San Francisco, maofisa waliwahoji wageni: nyumba yenu ina ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani? Majibu yalikaririwa melini, daftari lenye majibu hayo likatupwa baharini. Aliyeingia kwa jina la kununua alihitaji majirani wanaojua kunyamaza, na majirani hao alikuwa nao mtaani tu.

Sheria ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, China ikiwa mshirika wa Marekani vitani, lakini nafasi za Wachina kuingia zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ikazuia mahakama kutekeleza mikataba ya nyumba yenye ubaguzi wa rangi, yaani iliyokataza nyumba kuuziwa watu wasio wazungu. Baada ya hapo familia zenye uwezo zikaanza kuhamia Richmond na Sunset, mitaa mingine ya San Francisco; mtaani wakabaki zaidi wazee, maskini na wageni wapya.