Stilihedi wa Mto Hoh: Kukataza Mashua au Kuzihesabu?

Desemba 2020 idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo la Washington, Marekani, ilitoa amri ambayo mpaka leo inabishaniwa katika mji mdogo wa Forks. Katika mito ya pwani ya rasi ya Olympic, ukiwemo Mto Hoh, mtu hakuruhusiwa tena kuvua stilihedi, trauti anayekwenda baharini, akiwa ndani ya chombo kinachoelea. Mashua iliruhusiwa kubeba watu tu. Anayetaka kutupa ndoano ashuke na asimame majini au ukingoni. Chambo cha asili nacho kilikatazwa, na ndoano ikatakiwa iwe ya ncha moja isiyo na kijino. Masharti haya yameguswa na kurekebishwa msimu baada ya msimu, ila swali lililo chini yake halijapata jibu: samaki wakipungua, nani apunguziwe uvuvi, na kwa njia gani?

Stilihedi ni spishi ileile ya trauti wa upinde wa mvua aliyepandikizwa katika mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni. Tofauti ni kwamba huyu huenda baharini. Huzaliwa kwenye kokoto za mto, kwa kawaida hukaa humo kama miaka miwili, kisha huingia Pasifiki kwa miaka miwili au mitatu na kurudi akiwa na kilo tatu, tano, wengine zaidi ya nane. Samoni wengi wa Pasifiki hufa wakishataga. Stilihedi si lazima afe: baadhi, hasa majike, hurudi baharini na kuja kutaga tena. Kwa hiyo jike aliyenaswa na kuachiwa akiwa mzima anaweza kuupa mto kizazi kingine.

Ili kuelewa kwa nini mashua ndiyo iliyolengwa, lazima kujua siku ya kuongozwa, yaani siku ambayo mteja humlipa mwongozaji amvushe mtoni kwa mashua akivua, inavyokwenda. Mashua ina urefu wa mita tano hivi, imepinda mbele na nyuma ili isizamishwe na mawimbi ya mkondo. Mwongozaji hukaa katikati kwenye makasia, wateja wawili hukaa mbele. Kwa siku hushuka kilomita 10 hadi 20, na malipo kwa kawaida ni kati ya dola 500 na 700 kwa mashua nzima. Mbinu inayonasa sana ni ya kuteleza sambamba: wateja hutupa chubwi dogo na shanga mfano wa yai la samaki, na mwongozaji hupiga makasia kinyume cha mkondo mpaka mashua iende kwa kasi ileile ya shanga inayopita juu ya kokoto. Mshipi haukazwi wala haulegei. Shanga husafiri mita mia na zaidi kama yai lililong'oka, wakati mvuvi wa ukingoni, kwa kila mtupo, hupata mita 20 au 30 tu za mkondo mzuri kabla mshipi haujakaza na chambo kuacha njia yake.

Na ustadi wote uko mikononi mwa mwongozaji. Mteja ambaye hajawahi kushika fimbo ya kuvulia anaweza kunasa samaki saa tatu asubuhi. Hapo ndipo uzuri wa biashara hii ulipo, na hapo hapo ndipo tatizo lilipo.

Hesabu yenyewe inatisha. Lengo la Mto Hoh ni stilihedi wa asili 2,400 wanaofika kutaga, na misimu kadhaa mto huo umeshindwa kulifikia. Tuchukue mfano wa mwaka ambao wameingia 2,600. Ziada ni samaki 200. Chini ya mkataba wa 1855 kati ya serikali ya Marekani na makabila ya wenyeji, na hukumu ya Jaji Boldt ya 1974, nusu ya ziada ni haki ya kabila lenye mkataba, hapa kabila la Hoh, ambalo huvua kwa nyavu karibu na mlango wa mto. Wavuvi wa fimbo wanabaki na 100. Tangu 2016 hawaruhusiwi kumchukua samaki wa asili, lazima wamwachie. Lakini idara hupanga kwa kudhani kwamba katika kila 100 wanaoachiwa, 10 hufa. Kwa hiyo vifo 100 ni sawa na kunasa mara 1,000. Tuseme mashua 20 zinashuka mtoni kwa siku, kila moja inanasa samaki wanne. Hiyo ni mara 80 kwa siku. Siku 13 zinatosha kumaliza fungu zima, na msimu wa samaki wa asili huenda kuanzia Februari hadi Aprili.

Kwa mizani hiyo idara ilikuwa na sababu. Stilihedi hupumzika nyuma ya miamba katikati ya mto, mahali ambapo mtu wa ukingoni hafiki. Ukiwakataza watu wa mashua kutupa ndoano, sehemu hizo zinageuka kimbilio. Marufuku ya chambo ina mantiki iliyo wazi zaidi: samaki humeza mayai halisi, na ndoano hukwama kooni au kwenye matamvua, na damu ikishatoka hapo ni nadra apone. Shanga iliyobanwa kama sentimita tano juu ya ndoano huvutwa na samaki bila kumezwa, na ndoano humshika pembeni mwa mdomo.

Waongozaji nao hawasemi upuuzi. Forks ulikuwa mji wa mbao, na ukataji ulipobanwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kumlinda bundi wa misitu mikongwe, wengi walielekea mtoni kutafuta riziki. Mzee wa miaka 75 mwenye goti bovu hawezi kusimama kwenye mawe yanayoteleza, katika maji ya nyuzi 5, mkondo ukimsukuma mapajani. Alikuwa mteja, sasa hana nafasi. Kisha kuna viota. Jike hufukua kokoto na kufukia mayai humo, na kufikia Machi na Aprili viota viko palepale watu wanapopenda kukanyaga, kwenye mikia ya madimbwi, yaani mwisho wake wa chini, penye maji ya magotini. Ukiwashusha watu wote kwenye mashua, unaweka miguu juu ya mayai. Wanaotetea amri hii hawajalijibu vizuri jambo hilo. Kufunga sehemu za kutagia mapema kungesaidia, na kungegharimu kidogo.

Hoja moja ya waongozaji haina uzito: kwamba chanzo si wao bali bahari, ukataji miti wa zamani na makalavati yanayoziba njia za samaki. Ni kweli kuhusu chanzo. Makalavati ya jimbo yalifikishwa hadi Mahakama ya Juu, na 2018 hukumu ya kuyarekebisha ikabaki. Mto Elwha, kwenye rasi hiyo hiyo, uliondolewa mabwawa mawili kati ya 2011 na 2014, na stilihedi wakapanda tena hadi juu. Lakini kalavati huchukua miaka kurekebishwa, wakati kunasa kunaweza kupunguzwa wiki ijayo. Asiyesababisha upungufu bado anaweza kuwa ndiye anayeumaliza mto.

Kinachosemwa kwa nadra ni jinsi mashua zilivyoongezeka. Stilihedi wa Puget Sound, ghuba ya jimbo hilo hilo, waliorodheshwa kuwa hatarini mwaka 2007, mito kama Skagit ikafungwa majira ya kuchipua, na wavuvi wa huko pamoja na waongozaji wao wakahamia Hoh na mto jirani wa Sol Duc. Mito michache ikabeba mzigo wa mito mingi. Kwa hiyo kinachopaswa kudhibitiwa kwanza ni idadi ya mashua kwa siku.

British Columbia, Kanada, walichukua njia hiyo mwaka 1990. Mito yenye sifa ilipangwa kwa ngazi za ubora, waongozaji wakapewa siku maalumu za kuvua, na mto Dean wageni wasio na mwongozaji huingia kwa bahati nasibu. Kasoro yake ni kubwa: siku hizo huwa mali, bei hupanda, na mtu wa kipato cha kawaida hubaki nje. Washington ikifuata njia hii, vibali visiuzwe wala kurithishwa, na fungu litengwe kwa waongozaji wanaoishi bondeni.

Mwaka ambao ziada ni samaki wachache, kukataza kuvua ndani ya mashua ni sahihi, na waongozaji wanapaswa kukubali hilo. Mwaka wa nafuu, mashua zirudi kwa idadi iliyopangwa, pamoja na kikomo ndani ya mashua yenyewe: kila mteja akishanasa samaki wawili wa asili, shanga ziwekwe kando, siku iliyobaki avue kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyopambwa ifanane na mdudu, kwa fimbo ndefu ya mikono miwili, njia inayonasa kidogo sana. Kipande cha mwisho cha mshipi, kinachoshika ndoano, kiwe chenye nguvu ya kilo tano au zaidi, ili samaki asichoshwe kwa muda mrefu. Wavu uwe wa mpira, mikono iwe imelowa, na samaki asitolewe kabisa majini. Hilo la mwisho ni sheria ya jimbo, ingawa picha nyingi za wateja zinaonyesha vingine. Ndoano ikiwa kooni, mshipi ukatwe, isichokonolewe. Na mteja anayetaka samaki wa kupeleka jikoni apelekwe Mto Bogachiel Desemba au Januari, wakati wanaporudi samaki wa kituo cha kutotolesha, waliokatwa pezi dogo la mgongoni karibu na mkia.