Maono Hayaji na Fuso ya Mchungaji

Mchungaji wetu wa sasa alifika usharikani Ijumaa moja jioni, mwezi Januari, na fuso iliyobeba vitanda, makabati, maboksi ya vitabu na kuku watano ndani ya tenga. Vijana wa kwaya walishusha mizigo mpaka saa mbili usiku. Jumapili yake kanisa lilijaa, hata wale tunaowaona Pasaka na Krismasi tu walikuja, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia jambo moja: huyu amekuja na maono gani?

Hakuyataja. Alihubiri Nehemia sura ya pili, akatulia kwenye ile mistari ambayo wengi huwa tunaipita mbio. Nehemia anafika Yerusalemu, anakaa siku tatu bila kumwambia mtu kilichomo moyoni mwake, kisha anaondoka usiku na watu wachache, anazikagua kuta zilizobomoka lango baada ya lango, hadi anafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hana pa kupita. Mchungaji akafunga Biblia. "Wapendwa," akasema, "nami naomba miezi mitatu nizunguke." Akatubariki, tukatoka.

Nje, kwenye mnada wa sadaka za vitu, watu walinung'unika huku wanapandishiana bei ya mikungu ya ndizi. Wengine walisema tumeletewa mchungaji asiye na mpango. Mimi ni mzee wa kanisa na nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Leo naandika kwa sababu nadhani nilikosea, na nadhani kosa hilo ni la sharika nyingi.

Anayeingia kiwanjani kwetu kitu cha kwanza kukiona ni nguzo tano za zege zilizosimama nyuma ya kanisa la sasa, nondo zimechomoza juu na kutu imeshuka hadi kwenye zege. Watoto wa shule ya Jumapili hutundika masweta yao kwenye nondo za chini. Nguzo hizo ni maono ya mchungaji aliyepita. Alichora kanisa kubwa la ghorofa, akatundika mchoro mlangoni, akatuhimiza kwa moyo wake wote, na nina hakika alimpenda Mungu na alitupenda sisi. Tulitoa. Kuna mama aliuza kiwanja. Kisha ikaja barua ya uhamisho kutoka dayosisi, kama inavyokuja kwa kila mchungaji, fuso ikapakiwa, na maono yakaondoka ndani ya fuso ile ile. Wiki ya pili hapakuwa na mtu wa kuchanganya zege.

Sisi Walutheri tunaujua utaratibu huu tangu utotoni: mchungaji huhama, usharika hubaki. Lakini tunaishi kana kwamba mambo ni kinyume chake. Tunamsubiri mtu mmoja aje na mzigo wake wa mipango, tuupokee kwa vigelegele, tuuchangie, kisha tumsindikize nao akiondoka. Anayefuata akitaka kuendeleza ya mwenzake tunasema hana jipya. Akileta jipya tunasema ameyatupa ya mwenzake.

Wazee wetu hawakuwa hivyo, na hapa naomba nikumbushe historia ambayo vijana wengi wa kipaimara hawafundishwi vya kutosha. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, serikali ya Waingereza iliwaondoa Wajerumani, na wakaanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo walinzi wa makanisa ya mlimani walikuwa walimu wa vijijini na wazee waliokuwa wakikusanya watu, wakifundisha watoto na kuzika wafu. Wamisionari waliporudi walilikuta kanisa lipo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi miaka mingi huko Old Moshi, alikuwa ameshika wazo kwamba kanisa la Wachaga lijengwe juu ya mafungamano waliyokuwa nayo tayari: ukoo, ujirani na rika. Unaweza kubishana na mengi aliyoandika, lakini hilo la ujirani nadhani aliliona vizuri. Kanisa lililoingia kwenye ujirani halipakiwi kwenye lori.

Wakatoliki nao walilishika jambo hili kwa njia yao. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970 walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Sisi pia tunazo jumuiya. Swali ni kama tunazitumia kwa lolote zaidi ya kukusanya michango ya misiba na kugawa bahasha.

Mchungaji alianza kuzunguka. Jumuiya zetu husali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na kila Jumamosi alikuwa kwenye nyumba moja. Ya kwetu ilikuwa zamu ya mama mmoja mjane mwenye genge. Tulikaa sebuleni, wengine barazani, mihogo ya kuchemsha kwenye sinia na chai ya tangawizi kwenye chupa. Baada ya neno tulisubiri aeleze mpango wake. Akatoa daftari kubwa la kaunta, akalifungua gotini, akauliza: "Ni nani alikuwa akikaa hapa na sasa hakai?"

Ukimya ule nausikia mpaka leo. Ulikuwa mrefu. Kisha mwenye nyumba akataja jina la dada mmoja anayekaanga samaki stendi. Mchungaji akauliza kwa nini haji. Watu wakaangalia chini. Mwenye nyumba akasema, taratibu, kwamba mwaka ule wa nguzo dada yule aliahidi shilingi laki mbili, biashara ikaharibika, na jina lake likasomwa madhabahuni mara tatu kati ya wasiomaliza ahadi. Baada ya mara ya tatu hakurudi.

Aliyesoma orodha ile ni mimi.

Yalitoka majina kumi na moja asubuhi ile, katika jumuiya moja. Kijana wa bodaboda ambaye Jumapili asubuhi ndiyo saa yake ya kupata abiria. Muuguzi wa zamu za usiku. Mzee aliyelazwa mwezi mzima na hakumwona mtu wa kanisa hata mmoja. Binti aliyetengwa kwa kupata mimba, akatumikia adhabu yake, na hakuna aliyekumbuka kwenda kumwambia kwamba amerudishwa kundini, mtoto akaanza darasa la kwanza bila kubatizwa. Huyo wa mwisho ndiye aliyenikosesha usingizi. Tulikuwa tunaomba kila wiki Mungu atuongezee watu, na tulikuwa tunaye mtu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, anayesubiri kubishiwa hodi.

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakagua mchungaji. Kuta zilizobomoka zilikuwa hizi.

Tunapozungumza kukua kwa kanisa tunaangalia mlangoni, nani anaingia. Kuna sharika za mjini ambazo kipimo chao kimekuwa idadi ya magari uwanjani na kiasi cha sadaka kinachotangazwa wiki inayofuata. Sikatai kuhesabu, Matendo ya Mitume pia yanahesabu. Lakini soma sura ya sita polepole. Hesabu ya wanafunzi inaongezeka, hapo hapo yanatokea manung'uniko kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha. Waliita mkutano, watu wakachagua saba, kazi ikagawanywa. Ni baada ya hapo, mstari wa saba, ndipo inaposemwa kwamba neno la Mungu lilienea na hesabu ikazidi sana. Lalamiko la wajane lilisikilizwa, kisha kanisa likakua. Sijasikia mahubiri mengi juu ya mfuatano huo.

Mwezi wa nne uliitishwa mkutano wa usharika. Mchungaji hakuja na mchoro. Alikuja na karatasi za manila, moja kwa kila jumuiya, kila moja imeandikwa kwa kalamu nene yale yaliyosemwa katika jumuiya hiyo bila majina ya watu. Akazibandika ukutani, akasoma Habakuki: "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kusoma kama maji." Kusoma kama maji! Nimeusikia mstari huo maisha yangu yote na siku ile tu ndipo nilipouona ukitendeka, pale bibi mmoja wa jumuiya ya bondeni aliposimama mbele ya karatasi yao, miwani mkononi, akaisoma kwa sauti bila kukwama hata neno moja, kwa sababu maneno yalikuwa ya kwao.

Haukuwa mkutano mtamu tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja wa kamati ya ujenzi alisimama na uchungu wa haki kabisa, akasema fedha zetu zimelala kwenye zile nguzo, tukianza kuzungumza bodaboda na wauguzi tutazisahau. Wengine wakampigia makofi. Mchungaji alimwacha amalize. Kisha akaeleza kwamba ameshamwita fundi, nguzo zile ghorofa haziwezi tena, ila ukumbi wa chini wenye paa la bati zinaubeba. Akataja Luka 14, mtu anayetaka kujenga mnara na hakuketi kwanza kuhesabu gharama. Hakusema neno baya juu ya aliyemtangulia. Akauliza tu: ukumbi huo tunautaka, na tunautaka kwa kazi gani?

Ukumbi ukawa wa watu waliokuwa kwenye karatasi. Ibada ya Jumapili saa kumi na moja jioni kwa walio kazini asubuhi. Chumba cha watoto. Ahadi zitaandikwa kwa siri na hazitasomwa tena. Kazi ikagawanywa kwa jumuiya, kama ilivyo katika Nehemia sura ya tatu, ambapo wengi walijenga kuielekea nyumba yao wenyewe na Shalumu anatajwa akijenga pamoja na binti zake. Jumuiya ya bondeni, ambayo tulikuwa tunaiita ya maskini, ilichukua vyoo na ikamaliza kabla ya wote. Kwenye sura hiyo hiyo kuna wakuu wa Watekoa ambao hawakutia shingo zao kazini. Nasi tunao, na wengine ni wazee wa kanisa wenzangu. Siwezi kuandika juu ya maono ya pamoja nikaficha hilo.

Ndugu yangu mmoja, mchungaji wa dayosisi nyingine, ananiambia kiongozi anayeuliza kila mtu ni kiongozi dhaifu, kwamba Mungu alimpa Nehemia mzigo, hakuwapa kamati. Nakubali nusu. Nehemia alifunga na kuomba tangu mwezi Kislevu hadi Nisani kabla hajafungua kinywa mbele ya mfalme, na mchungaji asiyelia peke yake kwa ajili ya kundi lake hana cha kuliambia. Lakini Nehemia aliposema nao, alisema tujenge. Mikono ilitiwa nguvu watu wenyewe walipojibu, "tuondoke tukajenge." Jibu hilo ndilo tunaloliruka. Mchungaji anasema "tujenge", sisi tunasema "amina", na amina tunayoitikia kwa mazoea si sawa na "tuondoke".

Tena, kutia moyo ni kazi. Nilidhani mchungaji wetu akishauliza ataachia. Hajaachia. Kila Jumapili baada ya matangazo anaiita jumuiya moja mbele, mtu mmoja anaeleza kwa dakika tatu walichofanya na walichoshindwa. Wakishindwa hawagombezwi, wanaombewa, na jumuiya ya jirani inaulizwa kama ina mkono wa kusaidia. Mwaka mzima anarudia jambo lile lile kwa maneno mapya. Anakohoa, anachoka, mke wake alilazwa mwezi wa nane na bado alikuja. Mchungaji wa namna hii asiachwe peke yake. Kama usharika wako unaye, nenda ukamwambie leo unabeba kipande gani.

Kwa dada wa samaki nilikwenda mwenyewe, jioni, stendi. Nilimkuta anageuza vibua kwenye karai. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza akaendelea kugeuza. Kisha akanifungia samaki wawili kwenye gazeti na akakataa fedha. Ibada ya jioni amekuja mara mbili, akakaa benchi la mwisho, akaondoka kabla ya baraka. Sijamsemesha habari za kurudi jumuiyani. Mjane mwenye genge ndiye anayekwenda kwake sasa.

Mchungaji anaweza kuhamishwa hata mwaka ujao. Ukumbi umeezekwa, sakafu bado. Lile daftari la kaunta hakai nalo tena, alilikabidhi kwa makatibu wa jumuiya, kila mmoja na kurasa zake. Kwenye za kwetu yamebaki majina manne. Mawili ni ya watu waliohamia Chanika, na Jumamosi hii baada ya sala tunapanda daladala, watu sita, kwenda kuwatafuta.