Mwaka mpya, mhazini mpya, jogoo yule yule

Jamani mwaka mpya umeingia na mwenzenu umenikuta vibaya. Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianza na jogoo mtasema nimelewa.

Sisi kanisani mwaka unaanza mara mbili. Kuna ule wa Kanisa wenyewe, unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, yani kipindi cha kungojea Krismasi, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba hivi, padre anavaa zambarau anasema kesheni mjiandae. Mie huwa najiandaa kweli, naazimia kupunguza bia, kulipa zaka kila mwezi na kwenda kusali na jumuiya ya mtaani kila Jumamosi. Krismasi ikifika hakuna hata moja lililobaki. Halafu Januari mosi unakuja mwaka mwingine na maazimio yale yale, yani mtu mmoja nafeli mara mbili ndani ya wiki tano, na hapo sijahesabu ule mwaka wa serikali wa Julai ambao ukija tunakaa kwenye tivii kusikiliza kama bia imeguswa.

Sasa tarehe 31 tukaenda mkesha. Misa saa 4 usiku, joto la Dar mnalijua la mwezi huo, kanisa letu huku Kimara lina feni nne upande wetu, tatu zinazunguka na moja inaangalia wenzake. Mie nilikaa chini ya ile inayoangalia. Watoto wamelazwa kwenye khanga chini ya mabenchi, ukienda komunio unaruka miguu kama unaruka mitaro. Saa 6 kamili kengele, vigelegele, kwaya imepagawa, nje fataki na watu wanapiga masufuria, na wale wa kuchoma matairi ambao polisi kila mwaka wanawakataza na kila mwaka moshi tunauvuta. Tukaambiwa tutakiane heri, watu wanakumbatiana na majasho yao. Nageuka hivi, nani ananikumbatia? Mwenye nyumba wangu! Tarehe 28 tu nilimwambia, mzee wangu shikamoo, kodi ya miezi sita sina, sina hata mia, nivumilie mpaka katikati ya mwezi. Akanibana kifuani kabisa, akaninong'oneza sikioni, "Heri ya mwaka mpya Baba Happy. Tutaongea."

Tumerudi nyumbani saa 8 usiku. Asubuhi mama Happy ananitikisa, amka tunachelewa misa. Nikamwambia mama, misa ya mkesha inahesabika, hiyo amri tumeshaitimiza, uliza popote. Akasema inahesabika kwako, sie wanawake Wakatoliki wa WAWATA leo tunapeleka matoleo na kitenge nimekilipia. Ikabidi niende. Januari mosi ni Sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu na pia ni siku ya kuombea amani duniani, alianzisha Papa Paulo wa Sita tangu 1968, kwa hiyo padre akahubiri amani vizuri tu, dunia inaombewa amani mie naombea usingizi. Nilikaa benchi la nyuma karibu na nguzo. Nguzo ile inanijua.

Nilishtuliwa na mnada.

Kama hujui mnada wetu, ni hivi, vile vitu vya matoleo ambavyo padre hawezi kuvila vyote, mananasi, trei za mayai, mkungu wa ndizi, kuku, baada ya misa vinauzwa pale pale, hela inaenda kwenye ujenzi. Mnadishaji ni katekista wetu, na yule bwana angezaliwa Kariakoo sa hivi tungekuwa tunamwamkia kwa miadi. Anajua nani kapata bonasi, nani ana shemeji Marekani. Na zamani ulikuwa unaweza kusema aah nimeacha hela nyumbani, siku hizi kuna kijana anatembea na kadi shingoni ina namba ya kulipia kwa simu, anasimama mbele yako anakutabasamia mpaka muamala uingie.

Akanyanyua jogoo. Jekundu, limefungwa utepe wa dhahabu shingoni, lina miguu ya ukorofi. Elfu kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Mie niko zangu kwenye nguzo. Ghafla macho yangu yakagongana na ya mama Happy, yuko mbele kule na wenzake wa vitenge, kanitolea macho makubwa, anatikisa kichwa, mdomo kaubana. Sasa miaka kumi na nne ya ndoa imenifundisha kwamba mama Happy akitoa macho vile mbele za watu maana yake ni moja tu, wewe mwanaume usiniaibishe. Nikanyoosha mkono. Elfu thelathini!

Kanisa zima likageuka. Katekista hakuamini, akauliza tena, "Nani? Baba Happy?" watu wakapiga makofi. Mwenye nyumba toka benchi la pili, bila hata kugeuka, akasema thelathini na tano. Namtazama mke wangu, macho ndo yamezidi, sasa ameweka na mkono kichwani. Nikajua hapa ndoa iko hatarini. Arobaini! Mwenye nyumba akageuka taratibu, akanitazama kama mtu anayesoma mita ya maji, akakaa kimya, akaniachia. Katekista akasema arobaini ya kwanza, ya pili, jamani mwaka mpya huu, mtu mzima anaishia arobaini? Nikasema arobaini na tano. Sijui nilikuwa nashindana na nani. Hela yenyewe ilikuwa ya viatu vya shule vya Happy na madaftari ya mdogo wake.

Nje ya kanisa mama Happy kanikuta nimembeba jogoo wangu kwapani, watu wananipa mkono, hongera baba, Mungu akuzidishie. Akasubiri waishe. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Baba Happy, huyo ni jogoo wetu."

Nikasema eeh ni wetu, nimelipia.

Akasema hapana. Ni jogoo wetu wa bandani. Nimemleta mimi asubuhi.

Jogoo wote wekundu wanafanana ukiwa umbali wa mabenchi kumi na mbili na utepe shingoni, mnaonicheka njooni mjaribu. Tumefika nyumbani nikamfungua miguu nikamweka chini uani, hakushangaa, hakuuliza, kaenda moja kwa moja kwenye ile kona yake nyuma ya ndoo, akajikung'uta, mitetea ikamfuata kama mtu aliyetoka safari ya kikazi. Kuku niliyemlea tangu kifaranga, nimemnunua kwa elfu arobaini na tano na bado nadaiwa kodi.

Tarehe 2 saa 1 asubuhi hodi. Nani mwingine. Hakutaja kodi kabisa, hiyo ndo iliyoniumiza. Alikaa, akanywa chai, akatazama uani, akauliza, "Na jogoo wa kanisani anaendeleaje?" Nikalipa miezi miwili pale pale kwa hela ya kukopa kwa shemeji yangu.

Mngedhani yameisha. Jumamosi ya kwanza ya mwaka jumuiya ikakutana, saa 12 na nusu asubuhi kama kawaida, nyumba ya tatu tu kutoka kwangu, mie nikajua pale lazima kuna mchango wa mwaka nikavuta shuka. Kosa. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikaa Nairobi wakakubaliana Kanisa liishi mtaani kwenye jumuiya ndogondogo, watu wajuane, wasaidiane, na walifanya vizuri, sikatai, maana mtoto bila barua ya jumuiya habatizwi, na mzee wako akifa wale wa saa 12 na nusu ndo wanaokuja na maturubai na sufuria. Ila sidhani kama maaskofu waliambiwa jambo moja, kwamba kwenye jumuiya anayechaguliwa ni ambaye hayupo. Mhazini wetu kahamia Chanika. Mwenyekiti kauliza nani anafaa, mama mmoja akasema tumpe Baba Happy, yule wa jogoo, mtu mwenye uwezo hawezi kutamani hela ya jumuiya. Kura zote. Mke wangu naye kanyoosha mkono, nimemuuliza kwa nini, kasema alikuwa anajinyoosha tu.

Saa 3 asubuhi nikaletewa daftari. Jina la mtakatifu wetu limeandikwa juu kwa mwandiko mzuri, chini yake madeni ya ujenzi ya mwaka jana. Nimefungua ukurasa wa kwanza, mdaiwa namba nne ni mimi, elfu themanini na tano. Nikafunga nikafungua tena, bado ni mimi.

Basi jioni nikaanza kuzungukia wadaiwa, kwa kuruka namba nne. Nyie, mie mbinu zote za kukwepa nazijua, nimezitumia miaka. Ukibisha hodi redio ikazimwa ghafla halafu kukawa kimya cha watu watano, kile kimya nakijua, nimekaa ndani yake mara nyingi nimeshika mdomo wa mtoto. Kuna nyumba moja nimefika, ndala pea nne mlangoni, pazia linacheza na upepo hakuna, na hapo kibarazani jiko la mkaa lina sufuria ya maharage inatokota. Nikapiga hodi. Kimya. Nikasema Tumsifu Yesu Kristo, hata milele amina sikupata, na Mkatoliki kunyimwa milele amina ujue mwenzio yuko kwenye hali ngumu. Nikakaa kwenye kigoda chao nikafungua daftari. Dakika kumi. Maharage yakaanza kukauka, unajua ile sauti yanaacha kuchemka yanaanza kulia, na harufu kwa mbali. Ndani najua wanaisikia. Mie naisikia. Hakuna wa kutoka. Ikafika mahali roho ikaniuma, kilo ya maharage bei yake naijua, nikachukua kopo nikachota maji kwenye ndoo nikaongeza, nikakoroga, nikapunguza na mkaa kidogo.

Toka ndani nikasikia sauti ya mama wa nyumba ile, ya upole kabisa, "Baba Happy, na chumvi sijaweka."

Nikaweka chumvi. Mlango haukufunguliwa. Dirisha likafunguka kidogo, ukatoka mkono na elfu mbili, dirisha likafungwa. Nikaandika kwenye daftari, amepunguza elfu mbili, nikasaini.

Kesho yake Jumapili ilikuwa Tokeo la Bwana, wale Mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi. Paroko kahubiri nilidhani ananiona mimi, kasema mmeona hawakuja mikono mitupu. Halafu akasema kitu ambacho bado nakitafuna, kwamba Mathayo sura ya 2 haisemi popote walikuwa watatu, imetaja dhahabu, uvumba na manemane, watu ndo wakasema basi walikuwa watatu. Ina maana wanaweza kuwa saba! Wanne walikuja, wakasujudu, wakapoa zao, ila kwa kuwa hawakutoa kitu hakuna anayewahesabu mpaka leo. Nilitazama benchi langu la nyuma, pale kwenye nguzo, nikaona tuko kama wanne hivi.

Na kwenye matangazo, katekista kasoma zamu. Jumapili ijayo matoleo ni ya jumuiya yetu, mhazini asimame tumwone. Nikasimama. Watu wakacheka kabla sijafanya chochote, mmoja huko nyuma ya kwaya akawika.

Jioni mama Happy anachambua mchele, hata hajanitazama, ananiambia na sisi tutatoa nini, mwenyewe unaona hali, hakuna hela, kilichopo ni hicho kilichoko uani. Sikubishana. Nimeenda nyuma ya ndoo, nimemshika, kalalamika kidogo kama mtu aliyezoea safari, nimemfunga kamba nyekundu mguu wa kushoto, mafundo matatu. Na nimemwambia mama Happy, wewe wiki ijayo kaa kule kwa wenzako utazame altare, macho yako usinitolee kabisa.