Hizi spika za tuktuk, jamani
Nimekulia Kisumu Ndogo, Malindi, nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake. Kupiga ngoma sikufunzwa shuleni. Nilifunzwa na jirani yetu akitwanga mahindi kinuni, na kayamba za Wagiriama usiku wa matanga, na nazi ikikunwa kwenye mbuzi alfajiri, kwaru, kwaru, kabla ya adhana. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo unafuata kinu kile.

Sasa nikienda kumjulia hali mama, sisikii kitu! Kila tuktuk ina spika nyuma ya kiti, inafunguliwa hadi mabati yanatetemeka. Juzi nilimsihi dereva, “Ndugu yangu, punguza kidogo, kuna mtoto mchanga.” Akaongeza. Yule jirani bado anatwanga.