Dirisha la kutoa stima: khalati ameuliza swali moja tu

Binamu yangu yuko Doha kazini, wiki iliopita akatuma video kwenye grupu la familia. Dirisha. Kioo kinajitia giza chenyewe jua likiwa kali, kinatoa stima, alafu kinaiweka hio stima humo humo ndani ya kioo mpaka usiku. Akaandika chini yake "hii ikifika Mombasa tokeni tutazisahau". Watu wakaweka mioto na makofi, kisha khalati yetu wa Bamburi akatuma sauti ya sekunde nne: "Sasa hilo nalifungua vipi nipate upepo?"

Tukamcheka binamu, lakini mimi nimekaa na lile swali siku tatu manake naona ndio uchambuzi wote uko hapo, na binamu naye hana makosa kiasi ambacho grupu limemfanyia.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini. Kioo cha aina ile kimepakwa matabaka kama matano ya utando mwembamba sana, yote pamoja hayafiki unene wa unywele. Tabaka moja ni oksaidi ya tangsteni. Ukikipa volti chache, chembe za lithiamu zinatoka tabaka la upande wa pili, zinapita katikati, zinaingia kwenye tangsteni na kioo kinakuwa bluu iliokoza, ukigeuza mkondo zinarudi kwao na kioo kinakuwa wazi tena. Sio jambo la jana hili, Satyen Deb aliandika kuhusu hio tabia ya tangsteni mwaka 1969, na kule Uswidi profesa Claes-Göran Granqvist amelifanyia kazi miaka na miaka. Aliepanda Boeing 787 ashaona mambo ya jamii hii, ile ndege haina kile kipazia cha plastiki cha kushusha, unabonyeza kitufe dirisha linafifia pole pole.

Sasa ukiitazama hio hadithi ya lithiamu kwenda na kurudi utagundua ni betri. Ni betri kabisa, tofauti yake ni kwamba hii ikijaa chaji inabadilika rangi. Ndio mainjinia wakasema basi hii chaji iliokaa kwenye kioo mbona tusiitoe tuitumie, tukaongeza na utando wa sola juu yake, tukawa na vitu vitatu kwenye kioo kimoja. Kimawazo ni kitu kizuri sana, mimi sikatai.

Lakini nikachukua kalkuleta. Skwea mita moja ya kioo hicho cha tangsteni cha kawaida inabeba kama mAh 40 hivi, na volti yake ni kama moja. Simu yako hapo ulipo ni mAh 5000 kwa volti karibu nne. Khalati stima ikipotea usiku anataka feni mbili, taa, WiFi na TV, tuseme masaa matano, hio ni kama yuniti moja ya tokeni. Kuipata yuniti moja kutoka kwenye hivyo vioo unahitaji skwea mita 25,000, yaani viwanja vitatu vya mpira na nusu, vyote kioo. Tuwape wa maabara heshima yao, tuseme wamepandisha mara kumi, bado ni skwea mita 2,500 kwa feni mbili za khalati. Na betri ya lithiamu ya 12V ya ampia-saa 100, ile ya kukaa chini ya meza, inaitoa hio yuniti na inabaki na kidogo.

Kwa hio kwenye kuhifadhi stima ya nyumba mimi nafunga mjadala. Pale ambapo binamu ana haki ni penginepo: chaji ya kioo inatosha kukiendesha kioo chenyewe. Ukiwa na ukanda mwembamba wa sola pembeni ya fremu, dirisha linajitegemea, huna haja ya kupasua ukuta kupitisha waya, na mtu yoyote alieweka fundi wa waya kwenye nyumba ilioisha kupakwa rangi anajua hio ni neema ya namna gani. Hivo hivo betri za utando peke yake. Zile walizozitengeneza maabara ya Oak Ridge kule Marekani miaka ya 90, unene wa maikroni chache na ndani hamna maji ya kuvuja wala kuwaka, zinafaa sensa ndogo inayotaka tone la stima kwa miaka mingi. Tone, sio ndoo.

Haya, kutoa stima. Hapa jiografia ndio inatuangusha. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, kivuli chako unakikanyaga. Dirisha limesimama wima. Lile jua la nguvu zote linapita sambamba na kioo linateremka zake barabarani. Stokholm jua la mchana linakuja kwa ubavu linapiga dirisha kifuani, kwa hio mzungu akipiga hesabu ya dirisha la sola hesabu yake inatoka, yetu haitoki. Madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni yanapata kitu, nakubali, lakini kioo cha sola unachoweza kuona nje kinatoa kidogo manake mwanga mwingi umeuachia upite, ndio maana yake kuwa kioo. Paneli ya silikoni iliolala juu ya slabu inageuza asilimia 20 na zaidi, na slabu ya Mombasa mara nyingi ina tangi la maji, kamba za nguo na nafasi tupu.

Sasa lile la giza, ambalo kwangu ndio lenye utamu. Faida kubwa ya dirisha janja kule lilikobuniwa ni kubadilika: kiangazi lizuie joto, baridi ikija liliachie jua liingie lipashe nyumba. Sisi ni lini tulitaka joto liingie ndani? Mwezi wa saba kusi ikivuma watu wanavaa sweta asubuhi kwa mapozi tu. Kuna aina nyengine ambayo haitaki hata stima, oksaidi ya vanadiamu, inabadilika yenyewe ikipata joto, ile safi inabadilika kwenye digrii 68 na wakiichanganya na tangsteni kidogo inashuka mpaka joto la chumbani. Ilete Mombasa. Itabadilika siku ya kwanza na haitarudi tena, na hapo utakuwa umenunua tinti ya bei ghali.

Kile kinachobadilika kwetu ni mwangaza wa siku, asubuhi hivi jioni vile, na hapo ndipo ninapomrudia binamu.

Nilienda kwa khalati Jumamosi. Gorofa ya nne, sebule inatazama magharibi, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, makubwa, ambayo ukiyafungua yote ni nusu tu inayopitisha hewa manake kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Saa kumi jioni niliweka kiganja kwenye kioo nikakitoa. Alishaweka tinti, fundi alimwekea miaka miwili nyuma, sasa imefanya mapovu kwenye kona na joto liko pale pale, kwa sababu tinti nyeusi ya bei rahisi inalimeza jua yenyewe, kioo kinapata moto, na sehemu ya huo moto inakuja ndani. Watu wanadhani giza ni baridi. Filamu inayosaidia ni ile inayorudisha miale ya joto nje, na hio waweza kuikuta haina giza kabisa ukiitazama.

Kwenye sebule kama ile kioo cha tangsteni kingesaidia. Saa nane kikae wazi, saa kumi kikolee, saa kumi na mbili na nusu kiwe wazi uwashe taa kwa kuchelewa. Kinachukua dakika kadhaa kukolea kikiwa kikubwa, sio shida. Lakini kinadai ukifunge na uwashe AC, na bili ya AC ndio tulikuwa tunaikimbia. Dirisha la Mombasa kazi yake ya kwanza ni upepo. Nyumba za Mji wa Kale zina zile mbao zenye vibao vya kugeuza, upepo unapita jua linabaki nje, na wala sitaki kuzisifia kupita kiasi, nimelala kwenye hizo nyumba, zina giza, mbu wanaingia wanavyotaka, na mbao ya kuzitengeneza leo nani anaimudu. Ila aliezitengeneza alijua anataka nini.

Nisije nikasahau, tusichanganye na ile filamu ya maziwa wanayouza mitandaoni nayo wakaiita janja. Ile inataka stima muda wote ndio iwe wazi, ikikosa inakuwa nyeupe. Nilikuwa kwenye mkutano wa ofisi moja mjini, chumba cha vioo, stima ikapotea na puu, tumezungukwa na ukungu kama tuko ndani ya katoni ya maziwa. Ni ya faragha ile, joto haina habari nalo.

Utando wenyewe wa sola, tukiuondoa kwenye dirisha, una historia Kenya ambayo vijana hawaijui. Miaka ya 90 paneli nyingi za majumbani zilikuwa za utando, silikoni amofasi, wati 12, 14, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau. Ami yetu Kaloleni alikuwa nayo, inachaji betri ya gari, betri inaendesha TV ndogo nyeusi na nyeupe, kijiji kizima sebuleni. Miezi ya kwanza ilifanya vizuri kisha ikapungua, fundi akaapa imepigwa na radi. Kumbe ni tabia yake, Staebler na Wronski walishaigundua mwaka 1977, ikipigwa na mwanga inashuka kisha inatulia hapo. Na juu ya hio kulikuwa na brandi zilizokuwa zinatoa chini sana ya kilichoandikwa nyuma, watu wakachukia sola nzima kwa sababu yake.

Utando wa leo ni bora zaidi, kadmiamu teluraidi inavumilia joto kuliko silikoni nyingi na joto ndilo tunalo. Perovskaiti, aina nyengine ya utando wa sola, imeanza kwa kugeuza asilimia 3.8 ya jua mwaka 2009 kule Japani, leo maabarani imepita 25, hakuna kitu kimekimbia hivo. Lakini adui yake mkubwa ni unyevu, na wewe unajua chumvi ya mezani Mombasa inavyoganda kwenye kichupa.

Alafu kuna risasi ndani yake, yale madini ya sumu ya kwenye betri za gari. Hapa siwezi kupita haraka, sisi ndio mji wenye mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya watoto wa mtaa mzima kuwa na risasi kwenye damu, mwaka 2020 mahakama ikawapa wakaazi shilingi bilioni 1.3 na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Upeo. Kwa haki kabisa, risasi ya perovskaiti haifiki hata gramu chache kwa skwea mita, betri moja ya gari ina kilo na kilo. Ila ile ya perovskaiti inayeyuka kwenye maji, na kioo kikivunjika hapa kinaenda jaa la taka la Mwakirunge pamoja na maganda ya madafu. Anaeuza aseme kwanza atakichukua vipi kikifa.

Na biashara yake ni ngumu hata huko kwenye pesa. Solyndra, kampuni ya sola ya utando, ilianguka 2011 ikiwa na mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani wa dola milioni 535. View, wale wa vioo vya kujitia giza, wameomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika Aprili 2024. Kushuka kwa bei ya silikoni ya kawaida kulichangia sana kuiua Solyndra.

Binamu hajakubali. Anasema nitazame majengo yanayopanda Nyali, kioo juu mpaka chini, yatafunguliwa vipi yale? Na hapo kweli sina la kusema, jengo lililokwisha jifunga na AC inanguruma mchana kutwa, upande wa magharibi liwekeeni mnachotaka, mtaokoa. Hilo deni lilikopwa na aliechora ramani.

Khalati yeye ametundika jamvi nje ya grili, anafungua dirisha nyuma yake, saa kumi unakaa pale kwenye kiti bila kuhema. Keateka ashapanda mara mbili kumwambia alitoe, ati linaharibu sura ya jengo.