Nahama, Vitu Bei Chee

Shemeji yangu ndiye aliyeniponza. Eti Dar hakuna anayenunua kitu kwa jirani asiyehama, maana atajiuliza: kama ni kizima, anakiuza kwa nini? Ila ukihama, hata ndoo isiyo na mpini inapata mtu. Na mimi kodi ilikuwa inaisha, nikakata boksi, nikaandika kwa makapeni: NAHAMA, VITU BEI CHEE. Jumamosi saa moja asubuhi turubai liko nje ya geti, nimekaa kigodani kama tajiri wa Kariakoo.

Vitu vyenyewe vya maana. Feni inazunguka vizuri tu ukiianzishia kwa mwiko. Hotipoti mbili, mfuniko mmoja. TV ya chogo, niliinunua muda mfupi kabla mitambo ya analojia haijazimwa Dar, Desemba 2012, na tangu hapo kazi yake ni kubeba kitambaa cha kufuma cha mama watoto.

Mteja wa kwanza akainua birika, akalichungulia tundu juani.

"Bei gani?"

"Elfu tano."

"Ya mwisho?"

"Elfu nne."

Akaliweka chini taratibu, kama anamlaza mtoto. "Nilikuwa nauliza tu."

Wa pili akataka hotipoti kwa buku mbili, atume kwa simu. Nikamwambia aweke na ya kutolea. Alininunia kama nimemtukania mama. Wa tatu, kijana wa vyuma chakavu, akaja na mizani yake, akaitundika feni yangu. "Mzee, hii haina kilo."

Saa nne akatokea Mangi. Mangi wa duka la kona mimi namjua kifua kwenda juu tu, nyuma ya nondo. Siku hiyo ndiyo niligundua ana miguu. Kandambili, daftari kwapani.

"Sikujua unahama, baba."

"Sihami, Mangi."

"Na bango?"

"Hilo la biashara."

"Hata hili daftari ni la biashara."

Elfu ishirini na tatu na mia nne, pamoja na mayai manne ya Machi niliyodhani yanajulikana kwa Mungu peke yake. Nyuma yake mama wa genge, nyuma ya mama wa genge fundi cherehani, kisha mweka hazina wa kikoba. Saa tano foleni imefika nguzo ya umeme, na wapita njia nao wanajipanga wakidhani kuna sukari ya bei nafuu. Birika likaenda kwa deni la mchicha. Hotipoti Mangi kachukua yenye mfuniko.

Saa saba akaingia dalali na bwana mmoja na mkewe, hata hodi hakuna. "Chumba na sebule, choo ndani, LUKU yake mwenyewe," anawaeleza huku anakanyaga turubai langu. Yule mama akaanza kupima dirisha kwa shubiri, mambo ya mapazia. Kodi ya miezi sita wanayo taslimu. Na mwenye nyumba, ambaye choo kikiziba simu yake haipatikani wiki mbili, kwa dalali akapokea mlio wa kwanza.

Nikamvuta dalali pembeni. "Kaka, mimi sihami."

Akaniangalia, akaliangalia bango, akawageukia wateja wake. "Msiwe na wasiwasi. Wote huwa wanasema hivyo."

Yule bwana akainyooshea kidole TV ya chogo. "Na hiyo anaiacha?"