Kuua mbwa koko hakutaondoa kichaa Tanga

Mtoto akiumwa na mbwa alfajiri njiani kwenda chuoni, kauli ya kwanza Ngamiani au Makorora ni moja: mbwa koko wauawe. Hofu hiyo ni ya haki. Mbwa kwetu ni najisi, wengi hawana mwenyewe, na aliyewahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa akiyaogopa maji hahitaji kuhadithiwa. Wengine wanataka fedha zote ziende kwenye sindano za walioumwa. Kwa aliyeumwa leo, sindano haina mbadala.

Lakini tazama kirusi chenyewe kinavyokwenda. Hakisambai kwa damu. Hukaa kwenye msuli penye jeraha, kikaingia kwenye neva na kupanda nayo polepole hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi 1 hadi 3, jeraha limeshapona na mtu yuko kazini. Huo ndio muda pekee wa kumwokoa: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa. Kinachoniumiza ni kwamba ubongo wa marehemu mara nyingi hauonyeshi uharibifu mkubwa. Seli zipo, ila kazi yake imevurugika, hata kumeza na kupumua. Kwa mbwa mgonjwa, kutoka ubongoni kirusi hushuka hadi kwenye mate, kikingoja amuume mwingine.

Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Wengi huiona haiwezekani. Mimi inanipa matumaini, kwa sababu utafiti wa Serengeti ulionyesha mbwa mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu. Basi hata mbwa wenye kinga wakiwa pungufu kidogo ya nusu, ugonjwa tayari unapungua. Kinachozidi hapo ni akiba, maana kabla ya kampeni ya mwaka unaofuata wengine watakufa na vitoto vitazaliwa. Risasi huila akiba hiyo. Mbwa rahisi kulengwa ni yule anayezoea watu, ndiye pia aliyekamatika akachanjwa. Nafasi yake inajazwa na vitoto visivyo na kinga.

Pemba, ng'ambo ya mkondo wetu, walichanja na ugonjwa ukakatika. Ukarudi 2016, wakachanja tena, ukakatika tena. Wanaosema chanjo haina mwisho wana hoja hapo: kirusi huvuka na mbwa wanaosafirishwa, na kampeni moja haitoshi.

Ugumu wa kweli ni fungu la fedha. Chanjo ya mbwa ni ya mifugo, sindano za watu ni za afya, na afisa mifugo aliyezuia watu wasiumwe haonekani popote katika hesabu za hospitali. Halmashauri ingeyaweka mafungu hayo mawili katika kikao kimoja, ikaanza na kata za pembezoni zenye mbwa wengi.